Bastola ya Mdomo wa Machungwa

Lori la kwenda Mokambo lilikuwa limeshapita nyumba za mwisho za mji, na mimi nimeshapata mahali pa kunyoosha miguu kati ya magunia matupu, simu ilipolia. Alikuwa dada yangu mdogo, Germaine. Germaine hanipigii simu kunisalimia. Ananipigia mtu akifa au bati likivuja.

“Yaya, uko wapi?” Kwetu yaya ni mkubwa wako wa kuzaliwa, kaka au dada.

“Mu njia ya Mokambo.”

“Shuka.”

“Nishuke ju ya nini? Nimeisha kupata nafasi muzuri.”

“Muntu iko anajenga mu lupangu yangu ya ku Annexe. Matofali imefika ku magoti.”

“Na Hénoc? Mutoto wako mukubwa iko anafanya nini?”

Nilisikia injini ya lori, na pumzi yake.

“Iko anatengeneza bunduki,” akasema.

Nikagonga paa la kabini. Nimewahi kushuka kwenye treni, kwenye kazi, kwenye ndoa mbili, lakini sijawahi kushuka njiani kwa ajili ya upuuzi wa namna ile. Dereva alinitupia mfuko wangu bila kusimamisha lori sawasawa. Nikarudi mjini kwa miguu nikimtukana mpwa wangu kwa lugha zote ninazojua, na ninajua tano, zote nusu nusu.

Lupangu lenyewe lilikuwa la marehemu André, mume wa Germaine. Kipande cha ardhi huko Annexe, kati ya mashamba ya mahindi na nyumba za watu wasiokuwa na pa kwenda. André alichoma matofali elfu moja, akayapanga, akafa. Matofali yaliibiwa. Ikabaki karatasi yenye muhuri uliolowa mvua, na mahindi ambayo Germaine alikwenda kupanda kila mwaka ili watu waone kwamba pale pana mwenyewe. Mwaka ule alikuwa na goti bovu, hakupanda. Kule Annexe hilo linatosha. Mtu aliona nyasi, akasema hapa hapana mtu, akaweka msingi. Karatasi ni karatasi, lakini ukuta ndio unaosema. Mtu akifikisha ukuta usawa wa dirisha, hata chef de l'avenue, mkuu wa mtaa, anaanza kumwita baba wa pale. Na mwenye nyumba ambayo Germaine alipanga katika mtaa uitwao Kenya, mjini humohumo, alikuwa ameshamwambia atoke mwisho wa Julai, kwa sababu binti yake anaolewa na anaitaka nyumba. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kabisa: ama Germaine apate lupangu lake kabla ya dirisha, ama mwezi wa nane atakuwa mama wa miaka sitini na mbili mwenye masufuria barabarani.

Nilimkuta Hénoc mezani. Ana miaka thelathini na minne. Anatengeneza redio na simu, na mlangoni ameweka kibao: INGÉNIEUR HÉNOC, ÉLECTRONIQUE ET AUTRES. Hiyo “et autres” ndiyo iliyomharibu. Juu ya meza alikuwa ametandika kitenge cha mama yake, kile cha akina mama wa parokia, na juu ya uso wa Bikira Maria ametawanya vipande vya bastola.

“Yama, karibu,” akasema. Yama ni mjomba kwa lugha ya mama yetu. “Usishike ile resori.”

“Hii ni nini?”

“Airsoft.”

“Nimekuuliza ni nini, sikukuuliza jina lake.”

Akanieleza kama mwalimu. Ni bastola ya mchezo. Inapiga vidonge vya plastiki kwa nguvu ya gesi. Kule Ulaya watu wazima, wenye kazi na magari, wanavaa nguo za jeshi siku ya Jumamosi, wanakwenda msituni kupigana nazo, halafu wanarudi nyumbani kula. Mimi nimeishi mahali ambapo watu walikimbia bunduki za kweli wakaacha chungu motoni. Kuna ujinga ambao ukiujibu unauongezea umri.

Aliinunua soko la Kenya, kwenye gunia la michezo iliyotumika kutoka ng'ambo, kati ya mwanasesere asiye na kichwa na kiatu cha magurudumu. Ilikuwa nyeusi yote isipokuwa mdomo. Mdomo wake ulikuwa na rangi ya machungwa, rangi kali inayoonekana toka ng'ambo ya barabara, ili kila mtu ajue kwamba kile ni kitu cha kuchezea. Na ilikuwa imekufa. Ukiijaza gesi, yote inatoka kwa chini, psss, kama mzee aliyekula maharage.

“Nikimaliza kuitengeneza,” Hénoc akasema, “tunaenda pale, ninaitosha mu koti, yule bwana anakimbia. Bila kesi, bila avocat.”

“Yule bwana ni nani?”

“Sijue.”

“Hukumuuliza jina?”

“Yama, muntu mwenye iko atakimbia, jina yake ya nini?”

Nilimtazama Germaine. Alikuwa dirishani akitunga rozari. Ndiyo kazi yake: anachuma mbegu za lile ua jekundu lenye majani mapana, mbegu nyeusi, ngumu, za mviringo, anazitoboa, anazitia uzi, anauza mlangoni pa parokia. Hakuinua kichwa. Mwanamke aliyechoka anaweza kuamini hata bastola ya gunia.

Basi nikakaa. Nilikaa karibu wiki tatu, na kila siku nne tano mtu mmoja wa Annexe alitupigia simu kusema ukuta umeongezeka. Wakati ukuta unapanda, fundi wetu alikuwa anatafuta pete.

Maana ugonjwa ulikuwa kwenye chargeur, kile kisanduku kinachoingia katika mpini, chenye gesi chini na risasi juu. Ndani yake mna pete ndogo za mpira za kuzuia gesi, na zilikuwa zimekauka na kupasuka. Hénoc alikata nyingine kutoka tairi la ndani la pikipiki, kwa wembe. Psss. Akakata tena, nyembamba zaidi. Psss. Akachukua za mfuniko wa sufuria, zikawa kubwa. Mwishowe akapata za kweli kwa mtu anayeuza vifaa vya majiko ya gesi, saizi ileile, na akarudi nazo ameshika kifuko juu kama padri anayeinua hostia. Njia hiyo ingemchukua dakika kumi siku ya kwanza, lakini yeye ni ingénieur, ilikuwa lazima apite kwanza kwenye pikipiki na sufuria.

Halafu mafuta. Pete zinataka mafuta laini, na Hénoc, badala ya kuuliza, alichukua kichupa cha mke wake Princesse, mafuta ya upako ya kanisa lake la uamsho. Usiku wa Juni ni baridi. Asubuhi mafuta yalikuwa yameganda, bastola haifunguki.

“Ile mafuta ni ya kufukuza mapepo!” Princesse akapiga kelele toka jikoni. “Weye unapakala bunduki!”

“Na ile bunduki ilikuwa na pepo ya kuvuja.”

“Pepo ni weye. Pasteur alifunga siku tatu ju ya ile chupa.”

“Basi umwambie afunge na ya nne, haikutosha.”

Akampiga kwa kitambaa cha kufutia sahani. Hénoc akasafisha kila kipande kwa mswaki na sabuni, ikawa siku nyingine mbili, akaweka mafuta ya kung'arisha dashibodi ya magari. Hayo yalikubali. Gesi alitia ya kujazia viberiti. Psss ikanyamaza. Akavuta gâchette kwa kidole na bastola ikasema tak! na kile kifuniko cha juu kikaruka nyuma na kurudi. Nakubali kwamba uso wake ulikuwa mzuri siku ile. Nyuso za watu wengi huwa nzuri wanapofaulu jambo lisilo na faida.

Ningesema sasa tuondoke. Lakini kuifufua hakukumtosha. Alitaka iwe zaidi ya ilivyotoka kiwandani. Akatoa resori, ile springi yake, akatia nyingine ngumu aliyoichomoa kwenye mashine ya photocopie. Akajaza vipande vya chuma ndani ya mpini, kwa sababu bastola nyepesi, alisema, haiogopeshi mtu. Kisha akaufikia mdomo.

“Ule uache,” nikamwambia.

“Yama, muntu gani atakimbia bunduki ya rangi ya bonbon?”

“Ule mudomo njo unasema weye hauko bandit.”

“Na miye sitake iseme vile.”

Akausugua kwa msasa. Akaupaka rangi nyeusi ya majiko, ile isiyoungua, akauweka karibu na makaa ukauke, akapaka tena, akaukausha tena. Mara tatu. Kazi nzuri, kusema kweli. Katika maisha yake yote sijaona Hénoc akifanya kazi safi kama ile.

Vidonge vya plastiki viliisha kwa majaribio. Kesho yake Germaine alifungua bati lake la mbegu, akalitingisha.

“Nani anapunguza mbegu zangu?”

Hénoc alikuwa ametoboa tundu kwenye kifuniko cha bati la maziwa, anapitisha mbegu moja moja. Zinazopita sawasawa zilikuwa zinaingia kwenye bomba la bastola kama zimezaliwa humo.

“Mama, ni za kazi yako. Tunatetea lupangu yako.”

“Zile ni Salamu Maria, Hénoc. Kila moja.”

“Basi zitapiga kwa nguvu.”

Germaine alifunga bati, akalipeleka chini ya kitanda chake. Lakini hakumnyang'anya zile alizokwisha kuchukua. Hilo nililiona. Aliitaka hiyo nyumba.

Jaribio la mwisho lilifanyika sebuleni mchana, mbabula ya makaa ikiwaka katikati kwa ajili ya baridi. Hénoc alisimama karibu na moto, akapiga bati la maziwa mara nne. Mbegu nne, matundu manne. Princesse akapiga vigelegele licha ya mafuta yake. Mimi niliona kitu kimoja: kila mara Hénoc alikuwa akiiweka ile bastola kando ya mbabula, na kila mara alikuwa akiishika ingali ya moto. Nimewahi kupika kwa gesi kwenye baridi ya milimani. Najua gesi ikipoa inakosa nguvu. Nilinyamaza. Nilikuwa nimemdharau kiasi cha kutotaka hata kumsaidia.

Jumamosi alfajiri tukaondoka kwa pikipiki mbili. Hénoc alivaa koti refu la marehemu baba yake, bastola kiunoni. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio, moshi unatoka kinywani, na kwenye mashamba ya Annexe nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande. Germaine alikuwa nyuma yangu, karatasi yake ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko kifuani ndani ya nguo.

Ukuta ulikuwa umefika kiunoni, na mwanamume mmoja mfupi, mwenye kofia ya sufu ya kufumwa, alikuwa anaweka fremu ya dirisha. Ya kwanza. Tulifika siku ileile ya dirisha. Kando yake mke wake alikuwa ameinama kwenye moto mdogo, anachoma viazi vitamu.

“Bonjour,” mwanamume akasema.

Hénoc akafungua koti. “Toka mu lupangu ya mama yangu!”

Mke akainua mikono, kiazi kimoja mkononi. Mwanamume akaacha fremu ianguke. Kwa muda wa pumzi mbili, lazima niseme, ile takataka ilifanya kazi. Kama Hénoc angesimama tu hivyo, pengine leo ningekuwa naandika habari nyingine. Lakini fundi lazima aonyeshe kazi yake. Akaelekeza bastola mbinguni, akavuta.

Ilipumua. Si tak. Ni kitu kama mtoto anayelala. Mbegu moja ikatoka kwenye mdomo mweusi polepole, ikabingirika, ikaanguka juu ya kiatu cha Hénoc. Akarudisha kifuniko nyuma kwa mkono, akavuta tena. Mbegu nyingine, puu. Akavuta tena. Zikawa tatu, nne, tano, nyeusi, za mviringo, zimekusanyika kwenye mchanga kati ya miguu yake.

Yule mwanamume alizitazama mbegu. Akamtazama Hénoc. Akamtazama Germaine.

“Mama, samahani. Muko bena nani?”

“Bena Mbushi,” Germaine akasema.

Mwanamume alikaa chini. Hakuanguka, alikaa, akashika tumbo, akacheka mpaka kofia ikamtoka. “Wivine! Wivine, unaona? Mbuzi! Mbuzi amekuya kunya mu nyumba yetu! Miye Chishimba, mwina Ngo, mbuzi ananitishia na mavi!”

Hapa inabidi nieleze kwa wale ambao wazee wao hawakuwafundisha. Kwetu ukoo unapitia kwa mama. Sisi ni bena Mbushi, ukoo wa mbuzi, Chishimba ni mwina Ngo, ukoo wa chui, na mbuzi na chui ni banungwe, yaani watani. Chui anaweza kuingia kwangu akachukua kuku wangu, akanitukana mbele ya wakwe zangu, na mimi siruhusiwi kukasirika. Na mimi nikienda kwake nafanya vilevile. Hakuna kesi kati ya banungwe. Na siku ukifa, ni mnungwe wako anayeshika mwili wako na kuchimba kaburi lako, kwa sababu watu wa ukoo wako wanalia. Zamani mtu akikutana na mgeni, kabla ya kumuuliza anakwenda wapi, alimuuliza ni mwina nani, yaani mtu wa ukoo gani. Neno moja. Wiki tatu za pete na resori, na neno moja hakuna aliyeuliza. Hénoc kwa sababu ni mjinga. Mimi kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye kiti namcheka mjinga.

Germaine peke yake ndiye aliyejua la kufanya. Alikaza kitenge, akaenda kukaa juu ya ukuta wa Chishimba kama ni kiti chake, akanyoosha mkono kwenye moto, akachukua kiazi kikubwa kuliko vyote, akakimenya.

“Chui muzima,” akasema huku anatafuna, “na meno yako yote, unakosa nyama mu dunia, unakuya kunyanganya mujane wa mbuzi majani yake?”

“Chui hanyanganye, mama. Chui anakula.”

“Basi umezeeka. Chui mwenye kula matofali.”

“Mu hii mwaka nyama iko mbali.”

“Na weye, Wivine, ulimukubali na hii kofia, ao aliivaa kiisha ndoa?”

“Kiisha ndoa, mama,” Wivine akasema. “Mbele alikuwa muntu.”

Majirani wakaanza kusogea, wenye majembe na ndoo, kila mtu akicheka. Chishimba akapangusa macho. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayesema kweli katikati ya mchezo.

“Mama Mbuzi, sikujue. Ule mwenye aliniuzishia alisema hii lupangu haina na mwenyewe. Sasa tufanye nini? Kubomoa sitabomoa, nimeisha kutoka jasho. Lakini miye kumufukuza mbuzi? Siku nakufa nani atachimba? Watanitupa sawa imbwa.” Akachora mstari kwenye mchanga kwa kijiti. “Tukate. Miye huku, weye ule upande wa barabara. Na hii matofali yenye inabakia ninakujengea chumba moja. Mbele ya mwisho wa Julai unaingia.”

Germaine aliacha kutafuna. Nilimwona anatazama mstari ule mchangani. Chumba kimoja, upande wa barabara, mahali pa kuuzia rozari. Alikuwa amekipata. Alikuwa amekipata kwa kiazi kimoja na mdomo wake.

“Chumba na mulango ya mbao,” akasema. “Bati sitake, chui unapiga kelele usiku.”

“Ya mbao,” Chishimba akasema, na watu wakapiga makofi.

Wakati huo Hénoc alikuwa amesimama peke yake. Hakuna aliyemhitaji. Aliweka chargeur kwapani, ndani ya koti la baba yake, kama mtu anayejipasha mikono, na jua lilikuwa limeshapanda, jua zuri la saa tatu. Akairudisha bastolani.

“Kuya muone!” Chishimba aliwaita wengine waliochelewa. “Mbuzi mwenye bunduki!”

“Musinicheke,” Hénoc akasema.

“Ah, mwipwa, usikasirike, mbuzi hakasirike. Piga tena! Hii udongo haina na mbolea ya kutosha.”

“Ninasema musinicheke! Inafanya kazi!”

“Hénoc,” Germaine akasema.

Tak!

Ilifanya kazi. Kifuniko kilirudi nyuma na kwenda mbele kama inavyotakiwa, resori ya photocopie ilisukuma, pete za jiko zilishika, mbegu ya Salamu Maria ilikwenda moja kwa moja. Ilimpasua Chishimba mdomo wa juu na kuvunja jino la mbele. Aliweka mkono, akautazama mkono, damu ikateremka mpaka kwenye kiwiko.

Hakuna aliyecheka tena. Kati ya banungwe unaweza kutukana, unaweza kuchukua, unaweza kumtupa mtu kwenye matope na nguo zake za Jumapili. Damu hapana. Anayemwaga damu ametoka mwenyewe kwenye utani, na nje ya utani Chishimba alikuwa mtu aliyepigwa bastola mbele ya majirani kumi na wanne.

Chef de l'avenue alikuja na kiti chake. Bastola ikawekwa mbele yake juu ya tofali.

“Ni mchezo, chef,” Hénoc akasema. “Ni ya watoto. Ona, mudomo yake iko na rangi ya machungwa.”

“Wapi?”

“Chini. Chini ya ile nyeusi.”

Akaanza kukwaruza kwa ukucha. Akakwaruza kwa ufunguo. Rangi ya jiko, mara tatu, imekaushwa kwa makaa. Haikutoka hata punje. Majirani waliona bastola nyeusi, nzito, na mtu aliyetoka damu. Mmoja alisema alisikia mlio wa risasi ya kweli, na labda aliamini alichosema.

Chishimba alizungumza kupitia kitambaa. Alisema polepole, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akienda polisi, alisema, Hénoc anakuwa bandit mwenye silaha, na huko hakuna atakayekwaruza rangi. Yeye hataenda. Lakini Germaine asaini karatasi, lupangu zima, leo, hapa.

Nikaenda karibu yake. Nilimwambia mimi ni mzee, mwina Mbushi kama wao, tumalize kwa njia ya zamani, tutaleta kuku, tutaomba.

“Weye muzee,” akaniambia, “weye unajua njia ya zamani. Ju ya nini hukuuliza mbele miye ni nani?”

Nikarudi nyuma, nikasimama pamoja na majirani.

Germaine alitoa mfuko kifuani, akatoa karatasi ya André, akaiweka juu ya goti lake bovu, akasaini nyuma, mahali ambapo wino wa muhuri haukuwa umepenya. Hakumtazama mwanawe. Halafu aliinama, akaanza kuokota mbegu kwenye mchanga, moja moja, akazitia ndani ya ule mfuko wa plastiki.

Chishimba aliezeka nyumba mwezi wa nane. Ana jino la bandia. Dirisha lile la kwanza ameliweka upande wa barabara, na Wivine anauzia makaa hapo. Princesse alirudi kwao Likasi pamoja na watoto. Anasema ni kwa muda. Hénoc bado anatengeneza simu huko Kenya, chini ya mwavuli, kwa sababu nyumba walitoka. Kibao alikichukua. Amefuta “et autres”. Bastola ilibaki kwa chef de l'avenue, na ninaambiwa gesi imeshatoka yote. Germaine anaishi katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mama mwenzake wa parokia, anatunga rozari. Wakikutana sokoni na Chishimba wanasema bonjour, na kila mtu anapita. Mimi niko Mokambo. Nilipanda lori lingine wiki ileile, na nafasi niliyopata ilikuwa mbaya.